Kasha la Kumtosha Mama

Vumbi likiungua ndani ya kompyuta lina harufu yake, na mtu aliyekulia Garissa hawezi kuikosea. Si moshi, wala si plastiki. Ni kama mchanga uliokaangwa kwenye sufuria kavu. Juzi hapa ofisini kompyuta ya mwenzangu ilianza kuitoa harufu hiyo, na kabla yeye hajanusa chochote mimi nilikuwa nimeshasimama, nikachomoa waya ukutani, kazi yake ya asubuhi nzima ikapotea. Alinifokea, na alikuwa na haki. Ningemweleza nini? Kwamba nilipokuwa mdogo niliamini mama yangu yumo ndani ya kompyuta, na anaungua?

Nianze na Habaryar Ubah. Habaryar ni mama mdogo, dada yake mama, na kwetu Wasomali jina hilo huenda na kurudi: mimi nilimwita yeye habaryar, na yeye aliniita mimi habaryar, kama vile mama anavyomwita mwanawe hooyo, yaani mama. Ubah alikuwa hajaolewa, alikuwa na mdomo mkali, na alikuwa na kazi ambayo hakuna mwanamume mjini angeweza kumnyang'anya. Alihariri video za harusi, upande wa wanawake.

Mnaojua harusi za kwetu mnajua maana yake. Wanawake wakishajifungia ukumbini peke yao, mashungi hutupwa kando, diraa nyepesi zinamemetuka, na buraanbur inaanza: mmoja anaghani mashairi, ngoma inapigwa, wengine wanaingia katikati kucheza. Anayepiga picha ni mwanamke. Anayezipanga baadaye lazima awe mwanamke. Na kompyuta inayozihifadhi haiendi kwa fundi, kwa sababu mafundi wote walikuwa wanaume, na fundi akishaiwasha ataangalia nini, nani ajuaye? Mabibi harusi walimkabidhi Ubah nywele zao kama amana. Likitoka neno moja tu mtaani kwamba mwanamume ameona, basi, kazi imekwisha na heshima imekwenda nayo.

Kwa hiyo alifanyia kazi chumba cha nyuma, chini ya mabati, dirisha limezibwa kwa blanketi na mlango una komeo juu kabisa. Kompyuta yenyewe aliifunika kwa kitambaa cha mahameli chenye nyuzi za dhahabu pembeni, ili isiingie vumbi, kama watu wanavyofunika televisheni sebuleni. Na kila alasiri alifukiza uunsi, ule ubani wetu wa sukari na manukato, maana mwanamke kukaa katika chumba kisichonukia ni aibu. Hebu ifikirie mashine hiyo! Joto la Garissa, mabati, blanketi, mahameli, na juu yake moshi unaonata. Watu walishangaa kwamba ilikuwa ikizimika. Mimi leo nashangaa kwamba iliwahi kuwaka.

Na mimi nilikuwemo humo humo. Mama yangu alifariki wakati wa kiangazi, kwa homa iliyomchukua upesi, na watu wazima waliniambia kwa maneno ya kuzungukazunguka. Ametangulia. Mungu amempenda zaidi. Yuko pazuri. Hakuna hata mmoja aliyesema amekufa. Sasa mtoto akiambiwa mtu yuko pazuri, si atauliza ni wapi? Niliuliza, nikanyamazishwa, nikaamua kumtafuta mwenyewe. Nilitoroka hadi soko la mifugo nikapita katikati ya ngamia nikiliita jina lake. Nilitoroka hadi kwenye mabasi ya Habaswein, nikakutwa nimeshapanda na nimekaa dirishani. Baada ya hapo Ayeeyo, bibi yangu mzaa mama ambaye ndiye mwenye nyumba, alisema mtoto huyu asitoke tena, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na miguu ya kukimbizana, nikafungiwa na Ubah chumba cha nyuma.

Nililichukia lile komeo. Nililichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Jasho lilinitambaa mgongoni, mabati yalilia kwa joto, na nje niliwasikia wenzangu wakigombania mpira. Nikilia, Ubah alinipa biskuti. Nikipiga mlango mateke, alinipa biskuti mbili. Yeye alikuwa na sikio moja ndani ya kisikilizio na jingine kwangu, na mimi nililala kwenye mkeka nikitazama miguu ya meza na kile kisanduku cheusi chini yake, kinachovuma na kuhema kama mzee mwenye pumu.

Siku moja nikamwona mama. Ubah alidhani nimelala. Nilipoinua kichwa, kwenye skrini kulikuwa na duara la wanawake, na katikati yake alikuwa mama yangu, diraa ya kijani, shungi limemteleza hadi mabegani, anacheza buraanbur na kucheka. Si mtu anayefanana naye, ni yeye. Nilikuwa bado sijafungua mdomo, skrini ikawa nyeusi, na ile harufu ikapanda kutoka chini ya meza.

Kumbe yumo humu! Yote yakafahamika kwangu kwa mara moja. Mama hakwenda mbali. Alikuwa amefungiwa kama mimi, ndani ya kile kisanduku, pamoja na wanawake wote wa harusi, na wanacheza humo bila dirisha. Nani asingepata joto? Niliingiza mkono chini ya mahameli nikagusa ubavu wa sanduku. Moto! Nilipiga kelele hadi Ayeeyo akaja mbio na tasbihi mkononi.

"Anaungua! Hooyo anaungua!"

Ubah alinikumbatia, akanitikisatikisa. "Tulia, habaryar. Ni mashine tu, imechoka. Ikipoa itawaka." Alidhani ni uchungu wa msiba unanisemesha. Mimi nilidhani ananificha. Kwa hiyo tuliishi hivyo humo ndani, kila mmoja na lake. Akigeuka, nilifunua mahameli. Akitoka kuswali, nilikipepea kisanduku kwa kawa. Siku moja nilileta kikombe cha maji nimnyweshe mama kupitia kwenye matundu, na Ubah akanidaka mkono mdomo wa kikombe ukiwa umeshagusa chuma. Sijapata kuona mtu mweusi akiwa mweupe vile.

Ayeeyo alijua kwamba video hiyo ipo, na hapo ndipo penye kiini cha maneno. Kwetu mwanamke akifa hafai kuachwa kichwa wazi mahali popote, hata kwenye picha. Anayebaki nazo anazifuta, na kufuta huko ni sehemu ya kumsitiri, kama sanda. Kila siku baada ya swala ya alasiri Ayeeyo aligonga mlango kwa fimbo yake.

"Ubah, umeifuta?"

"Bado, hooyo. Sanduku limezimika."

"Jana lilizimika. Juzi lilizimika. Wewe ukifa leo, dada yako ataangukia mikononi mwa nani?"

"Nitaifuta, hooyo. Likipona tu."

Sikuelewa waliyosema, niliyasikia tu. Leo naelewa, na nikielewa nasikia baridi. Mama hakupenda kupigwa picha. Tulibaki na kitambulisho chake tu, chenye uso wa mtu aliyechoshwa na foleni. Ile ilikuwa video yake ya pekee, dakika chache alizokuwa hai na anacheka, na Ubah alikuwa hawezi kuifuta na hawezi kumwambia mama yake hataifuta. Ubovu wa lile sanduku ndio uliokuwa kisingizio chake. Kadiri lilivyozimika, ndivyo dada yake alivyobaki.

Lakini maharusi je? Wao hawakuwa na habari ya msiba wa mtu. Mama wa bibi harusi mmoja alikuja hadi uani, akasimama katikati, mikono kiunoni.

"Ubah! Binti yangu ameshajifungua na video ya harusi yake bado! Unangoja mjukuu wangu aoe ndipo unipe zote pamoja?"

"Mashine inanisumbua, eeddo. Nivumilie," Ubah alimjibu, akimwita shangazi kwa heshima.

"Mpe kijana wangu aitazame. Amesomea."

"Ng'o!" Ubah alisema.

Yule mama alifikiri kidogo juu ya yaliyomo humo ndani, pamoja na yeye mwenyewe akicheza bila shungi, akasema, "Kweli. Usimpe." Lakini alipokuwa akitoka alisema pia kwamba yupo msichana Wajir aliyeanza kazi hiyo hiyo, na kompyuta yake haizimiki. Ubah alikaa chini akajishika kichwa. Jioni ile ile alimpigia simu rafiki yake waliyesoma naye kompyuta chuoni, sauti ikasikika chumba kizima: "Mashine yako ni nzima, Ubah. Kibaya ni nyumba yake. Inakosa hewa. Tafuta kasha jingine, lenye nafasi na feni, uhamishe vitu mwenyewe kwa bisibisi. Na hicho kitambaa, mwana wee, kivae wewe."

Nyumba yake inakosa hewa! Hatimaye mtu mzima mwenye akili. Kesho yake Ubah alipovaa jilbabu, nililishika pindo lake nikasema siachi, tunakwenda wote kumchagulia. Hakuuliza kumchagulia nani. Alinifunga mkono wangu kwenye wake kwa mtandio, nisije nikatoroka, tukatoka.

Dukani alikuwepo kijana kutoka Mwingi, mchangamfu, asiyejua Kisomali, kwa hiyo Ubah ilimbidi atoe Kiswahili chake cha sokoni, ambacho p yake huwa b na v yake huwa f.

"Karibu, mama. Unataka sipiyu?" Hivyo ndivyo kila mtu anavyoliita lile sanduku.

"Sitaki sibiyu. Nataka kasha beke yake. Iko na nafasi, iko na ubebo."

Kijana akashusha la kwanza, jembamba, zuri, linang'aa. "Hii haichukui nafasi mezani."

Mimi nililitazama likanikasirisha. Nilivua kiatu nikaingiza mguu ndani. Mguu ulifika ukutani papo hapo. "Dogo!" nikasema.

"Mtoto anafanya nini, mama?"

"Anabima," Ubah akajibu. "Leta ingine."

La pili lilikuwa kubwa, ubavu mmoja ni kioo kitupu, na kijana alipolichomeka taa za rangi zikaanza kukimbizana ndani. "Hii ndiyo vijana wanachukua. Unaona mpaka ndani."

Mpaka ndani! Nilipiga ukelele uliowafanya watu wa duka la jirani wachungulie. "Watawaona! Habaryar, wanaume watawaona!" Nililalia kile kioo kwa kifua, nikatandaza mikono. Na Ubah, ambaye hakuwa amecheka tangu mazishi, alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya shungi. Alidhani nimerithi kazi yake na wasiwasi wake. "Umesikia mwenye mali?" akamwambia kijana. "Kioo hatutaki."

La tatu lilikuwa jeusi, kubwa, halina urembo wowote. Mbele lilikuwa na wavu badala ya bati. Kijana alieleza kwamba hewa baridi inavutwa mbele, hewa moto inasukumwa nyuma na juu, na nyaya zinapita upande wa pili ili zisizibe njia. Ubah hakumwamini kwa maneno. Alisema liwashwe, akasogeza ncha ya shungi mbele ya wavu, tukaiona ikivutwa na kunata. Akazunguka nyuma akaweka kiganja, akakiacha hapo.

"Na hii fumbi ya Garissa?"

Kijana akachomoa chujio kutoka chini, akalipuliza, akalirudisha. "Unaosha na maji tu."

Mimi nilikuwa nimeshaingiza mguu, halafu mkono, halafu kichwa. Ndani mlikuwa na harufu ya chuma kipya, na sauti yangu ilirudi ikiwa kubwa. Mama angeweza kunyoosha miguu humu. Angeweza hata kucheza. "Hili," nikasema. "Hili linamtosha."

Ubah alikuwa amesimama mbele ya meza ya duka, mkono bado uko nyuma ya feni, na kijana akadhani anafikiria bei.

"Mama, hutajuta. Hii haizimiki."

"Haizimiki kabisa?"

"Kabisa."

"Hata joto ikikuwa mingi?"

"Hata Garissa, mama. Niamini."

Alimuuliza tena, na ile mara ya tatu kijana alijibu polepole, kama mtu anayehofia amekosea kitu. Ubah akafungua mkoba. Tulirudi na kasha juu ya mkokoteni wa punda, mimi nimelikumbatia, na sikuelewa kwa nini mtu aliyenunua kitu kizuri namna ile anatembea kando akiwa ameinamisha uso.

Alifungua sanduku la zamani juu ya mkeka, mlango umekomewa. Nilikuwa nimejiandaa kwa salamu. Ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na vumbi, vumbi, vumbi, limeshikana kwa uunsi likawa kama sufu ya kondoo, feni imekwama katikati yake.

"Wako wapi?"

"Nani?"

"Wanawake."

Ubah alikuwa na skrubu mdomoni na akili yake kwenye nyaya. Akainua kidude cha chuma, bapa, kisichozidi kiganja. "Wote wamo humu," akasema, akakipuliza vumbi.

Subhanallah! Wamebanwa vile! Lakini nilipoona anakikaza ndani ya kasha jipya, na pande zote kimezungukwa na nafasi, na feni zikaanza kuzunguka bila kuhema, moyo wangu ulitulia. Nililaza shavu ubavuni mwa kasha. Baridi. Nikalala hapo hapo.

Halikuzimika. Lilifanya kazi siku ile na iliyofuata, Ubah akamaliza harusi moja, akamaliza nyingine, mama wa yule aliyejifungua akaja kuchukua yake na akaleta na halua. Ayeeyo alipita pale mlangoni, akasikia ile sauti nyembamba isiyokatika, akaenda zake. Alirudi baada ya alasiri. Safari hii hakugonga kwa fimbo. Aliingia akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Sasa haizimiki," alisema.

"Haizimiki, hooyo."

"Basi."

Ubah alisema kesho. Ayeeyo akamuuliza kesho ni ya nani. Wakatazamana, na nikaona wote wawili wana macho ya mama yangu. Kisha Ubah akanivuta kwenye mapaja yake, akafungua ile video, tukaitazama watatu. Ayeeyo hakuwa amewahi kuiona. Mama akaingia kwenye duara, diraa ya kijani, shungi likateleza, akacheka. Ayeeyo alijiziba mdomo kwa mkono.

"Alikuwa anajua kucheza," alisema. "Sikuwahi kumwambia."

"Turudie?"

Ayeeyo akatikisa kichwa kukubali. Tukarudia, tukarudia tena, na kasha likavuma tu, halikutusaidia. Mwishowe Ayeeyo akafuta uso wake wote kwa viganja, akasema, "Bismillahi," na Ubah akabonyeza. Nilikuwa nikitazama pale pale alipokuwa mama. Pakawa patupu.

"Hayumo?" nikauliza.

"Hayumo tena."

Basi, nilifurahi! Wallahi sijapata kufurahi vile maishani. Nilishuka mapajani, nikaburuta ndoo, nikapanda, nikalifungua lile komeo mwenyewe na hakuna aliyenizuia, maana wote walikuwa wameshikana wanalia. Nilikimbia hadi langoni. Nilitandika mkeka chini ya ukuta, nikajaza maji kwenye birika, kwa sababu mtu aliyecheza kiasi kile atakuwa na kiu. Nikakaa, nikatazama barabara pande zote mbili, sijui atatokea upande gani.

Ubah alinikuta hapo. "Unamngoja nani, habaryar?"

"Hooyo. Si umeshamfungulia?"

Niliona uso wake ukibadilika. Alilitazama birika, akanitazama mimi, na nadhani hapo ndipo alipoelewa kikombe cha maji, na mguu ndani ya kasha, na kioo. Alikaa mchangani, jilbabu na yote. Akaniambia lile ambalo nyumba nzima ilikuwa imeshindwa kuniambia.

"Mama yako amekufa. Mimi na Ayeeyo tulimwosha, tukamfunika vizuri, wanaume wakaenda kumzika. Yuko kaburini. Hakuwahi kuwa mle ndani."

"Kaburi ni nini?"

"Ni shimo, habaryar. Ardhini."

"Kubwa?"

"Linamtosha."

"Nani alilichagua?"

"Wanaume."

Nilisimama. "Wanaume wanajua nini? Mbona hamkunichukua nikapime?"

Ubah alisema makaburi ya watu wema Mungu huyapanua, macho yasione mwisho wake, na humfungulia maiti mlango upepo wa Peponi umfikie. Alisema sisi tulio hai ndio tunaomwombea.

"Wewe umeshaomba?"

"Naomba."

"Omba sasa hivi."

Akainua mikono pale pale langoni, watu wakipita na mbuzi wao, akaomba kwa sauti, machozi yanamchuruzika hadi kidevuni. Nami nikamsimamia mpaka mwisho, nihakikishe asiusahau upepo.